Wanawake Kumi na Wawili kwa Miezi Minne: Uchambuzi wa Kisa cha Boston, 1979

Kisa hiki, cha wanawake weusi kumi na wawili waliouawa mjini Boston, Marekani, na cha wenzao waliokataa kunyamaza, nimekichagua kwa ajili ya wanaoendesha vikundi vya mtaani vinavyopambana na mauaji ya wanawake, hasa vile visivyo na ofisi, mfadhili wala wakili. Majina ya waliouawa na ya jamaa zao nimeyaacha, pamoja na anwani za nyumba walimoishi. Vikundi na watu waliosema hadharani nimewataja, kwa sababu maamuzi yao ndiyo tunayotaka kuyachunguza.

Usuli

Boston ya mwaka 1979 ilikuwa bado inauguza vidonda. Juni 1974 mahakama ya shirikisho iliamuru shule za umma zichanganye watoto weusi na weupe, na wanafunzi wakaanza kusafirishwa kwa mabasi kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Mabasi yaliyowapeleka watoto weusi South Boston, mtaa wa watu weupe, yalipopolewa mawe. Tangu hapo kila familia nyeusi ilijua mipaka ya mji ule bila kuandikiwa kibao: wapi pa kupita, wapi hapakanyagiki. Polisi hawakuaminika. Mtu mweusi alipokutwa ameuawa, wengi walikitazama kifo chake kwa jicho la ubaguzi wa rangi kwanza, na walikuwa na sababu.

Katika mji huohuo kulikuwa na kikundi kidogo cha wanawake weusi kilichoanza mwaka 1974, kikajiita Combahee River Collective. Jina hilo ni la mto wa South Carolina ambako, Juni 1863, Harriet Tubman, mwanamke mweusi aliyekuwa ametoroka utumwani, aliongoza msafara wa kijeshi uliowakomboa watumwa zaidi ya 750. Aprili 1977 kikundi kilitoa tamko kuhusu msimamo wake, lililoandikwa na Barbara Smith, dada yake Beverly Smith na Demita Frazier. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba mwanamke mweusi haonewi kwa rangi leo, kwa jinsia kesho na kwa umaskini keshokutwa. Vyote vinampata kwa pamoja, na ukikishughulikia kimoja peke yake umemwacha palepale alipokuwa.

Wengi wao walikuwa wasagaji na hawakulificha jambo hilo. Hilo linahusika na kisa, kwa sababu liliwafanya watazamwe kwa mashaka na viongozi wengi wa makanisa na wa siasa za watu weusi. Walikuwa watu wa mtaa ule, lakini hawakuwa na kiti cha mbele kwenye mikutano yake.

Yaliyotokea

Tarehe 29 Januari 1979 miili ya wasichana wawili weusi, wa umri wa kwenda shule, ilikutwa Roxbury, mtaa wa Boston wenye watu weusi wengi, karibu na kiwanda cha viatu, imetiwa kwenye mifuko ya takataka. Kesho yake gazeti kubwa la mji, Boston Globe, liliiweka habari hiyo ukurasa wa 30, kando ya matokeo ya mbio za farasi. Ilikuwa aya chache tu.

Kabla wiki ile haijaisha mwanamke mwingine aliuawa. Februari ikaleta wengine. Baadhi walinyongwa, baadhi walichomwa visu, kadhaa walibakwa kwanza. Baadhi walikutwa wamekufa ndani ya nyumba zao wenyewe. Karibu wote waliuawa katika eneo la maili mbili hivi, mle Roxbury, Dorchester na South End zinapopakana. Bay State Banner, gazeti la kila wiki la jamii ya watu weusi, liliyapa mauaji hayo uzito tangu mwanzo. Magazeti makubwa yalichelewa, na yalipoandika, yalidokeza maisha ya marehemu: huyu alikuwa ametoroka kwao, yule alikuwa akitembea na watu wa namna gani. Polisi walisema hakuna ushahidi kwamba vifo hivyo vinahusiana.

Tarehe 1 Aprili watu wapatao 1,500 waliandamana kuwaomboleza wanawake sita waliokuwa wameuawa kufikia siku hiyo. Walianzia Harriet Tubman House, South End, wakapita mahali palipohusika na vifo hivyo. Wanawake wa Combahee walibeba bango refu la kitambaa lililosema kwamba wao, wanawake wa Dunia ya Tatu (ndivyo walivyojiita wanawake wasio weupe), hawawezi kuishi bila maisha yao. Watu walilia barabarani, na swali walilokuwa nalo lilikuwa moja: nani anatuua?

Kisha zikaja hotuba, na hapo ndipo kisa kinapogeukia. Waliopanda jukwaani wengi walikuwa wanaume. Walisema haya ni mashambulizi dhidi ya watu weusi. Walisema wanaume weusi wainuke wawalinde wanawake wao, na wanawake wakae ndani. Kwamba waliouawa wote walikuwa wanawake, na kwamba kadhaa walikuwa wamebakwa, karibu lisitajwe. Asiyekuwapo na lake halipo, na pale jukwaani aliyekosekana zaidi ni mwanamke.

Barbara Smith aliondoka pale akiwa na hasira, akarudi kwake akaanza kuandika. Wenzake wakaisoma rasimu, wakaongeza, na kwa muda mfupi kikawa kijitabu chenye kichwa kilichouliza: wanawake sita weusi, kwa nini walikufa?

Kabla wino haujakauka idadi ilikuwa imepanda. Kwenye jalada walikata namba 6 wakaandika 7, wakaikata nayo wakaandika 8. Kufikia mwisho wa Mei wanawake weusi waliouawa walikuwa kumi na wawili, na mwanamke mmoja mweupe katika eneo hilohilo.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu namna ya kulieleza jambo lenyewe. Kijitabu kilikubali wazi kwamba polisi na vyombo vya habari vimefanya ubaguzi, na kwamba watu weusi siku zote wamelengwa na ukatili wa kibaguzi. Halafu kikaongeza yale ambayo jukwaa halikuyasema: dada zetu walikufa kwa sababu walikuwa wanawake, kwa hakika ileile waliyokufa kwa sababu walikuwa weusi. Hawakumpinga aliyesema rangi, walimkamilisha. Kwa mtu aliyekwishaona mtoto wake akirushiwa mawe ndani ya basi la shule, kuambiwa kwamba rangi si hoja kungekuwa tusi, na angekitupa kijitabu palepale.

Uamuzi wa pili ulikuwa kukataa ushauri wa kukaa ndani, na kuukataa kwa hoja. Kijitabu kilisema kwamba kuwafungia wanawake majumbani ni kuwaadhibu wasio na hatia na kuwalinda wenye hatia. Kisha kikaorodhesha maisha yalivyo: mwanamke lazima aende kazini, anunue chakula, akawachukue watoto, akafue nguo, akawaone marafiki. Napenda sana orodha hiyo. Haina istilahi hata moja, na mama anayesubiri basi saa kumi na moja alfajiri haihitaji kuelezwa. Na kulikuwa na hoja ambayo haikuwa na jibu: baadhi ya marehemu waliuawa wakiwa ndani. Mlango uliofungwa haukuwasaidia.

Msomaji wa Kenya ameusikia ushauri huohuo juzi tu. Januari 2024, baada ya wasichana kuuawa katika nyumba za kupanga kwa siku chache jijini Nairobi, mitandao ilijaa watu wakiuliza walikuwa wanatafuta nini kule. Tarehe 27 mwezi huo maelfu waliingia barabarani Nairobi, Mombasa na miji mingine, na sehemu kubwa ya walichokuwa wakikijibu ni swali hilo.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kukifanya kijitabu kiwe chombo. Mtu aliyekichukua alipata mambo mawili kwa pamoja, uchambuzi wa kwa nini haya yanatokea na mambo ya kufanya usiku wa leo: njia za kujilinda, mahali pa kujifunza kupigana, vikundi vya kupigia simu. Kiliwaambia pia wanaume wanaosema wanajali wafanye nini, na kuwasindikiza wanawake tu hakukutosha. Waliambiwa wawakabili wanaume wenzao. Kilitolewa kwa Kiingereza na kwa Kihispania, maana South End na Dorchester zilikuwa na familia nyingi kutoka Puerto Rico na nchi za Amerika ya Kusini. Makumi ya maelfu ya nakala zilisambazwa.

Uamuzi wa nne, wa kuibadilisha namba jaladani badala ya kuificha au kuandika tu "wanawake wengi", huenda ulitokana na haraka ya kazi. Lakini tazama ulifanya nini. Aliyekipokea kijitabu Aprili akakiona tena Mei alisoma habari ambayo gazeti kubwa halikumpa: kwamba mauaji yanaendelea, na kwamba kuna watu wanaohesabu.

Uamuzi wa tano ulihusu washirika. Combahee hawakuwa peke yao. Kulikuwa na Crisis, kikundi cha mtaani kilichoanzishwa na watu weusi kwa sababu ya mauaji hayo. Kulikuwa na wanawake wa Dorchester waliobuni mpango wa taa za kijani. Kulikuwa na vikundi vya wanawake weupe waliotaka kusaidia. Vikaunganishwa katika muungano wa usalama wa wanawake uliovuka rangi, na sharti likawa kwamba wanawake weusi ndio watakaosema kwa niaba ya harakati na kuamua mwelekeo wake. Wanawake weupe waliombwa kazi zisizopigwa picha: kuchangisha fedha, kusambaza karatasi, kuwajulisha watu wa kwao kinachotokea.

Taa za kijani zinastahili kuelezwa zaidi. Mwenye nyumba aliyejitolea alichunguzwa na kupewa maelekezo kwanza. Kisha aliweka globu ya kijani kibarazani, na akiwapo nyumbani aliiwasha. Mwanamke aliyehisi anafuatwa alijua kwamba mlango ule utafunguliwa akibisha. Hakuna aliyehitaji kibali cha polisi wala bajeti ya manispaa. Gharama ilikuwa globu, na watu wa kuichunguza kila nyumba, na hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa kazi, kwa sababu nyumba moja yenye mtu mbaya ingeuvunja mpango wote.

Matokeo

Wanaume kadhaa tofauti walikamatwa kwa vifo tofauti, na baadhi wakahukumiwa. Hapakuwa na muuaji mmoja aliyeitikisa Boston, kama wengi walivyoamini. Si kila familia ilipata jibu mahakamani.

Mauaji yale mfululizo yalikoma baada ya Mei. Siwezi kuandika kwamba harakati ndiyo iliyoyakomesha, na kikundi chochote kinachoripoti kwa wafadhili kijihadhari na kishawishi cha kudai hivyo. Kinachoonekana wazi ni kingine. Vyombo vya habari vililazimika kubadilisha namna ya kuandika. Mitaa ilikuwa na mtandao wa nyumba salama, mafunzo ya kujilinda na watu waliofahamiana kwa majina. Agosti 1979 maandamano ya usiku ya kudai haki ya mwanamke kutembea bila hofu yalikusanya watu wapatao 5,000, wa rangi mbalimbali. Baadhi ya waliofahamiana katika kazi hii walikutana tena kwenye kampeni ya Mel King, ambaye mwaka 1983 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kufika duru ya mwisho ya uchaguzi wa meya wa Boston.

Combahee wenyewe hawakudumu. Kufikia mwaka 1980 kikundi kilikuwa kinamalizika.

Uchambuzi

Kilichofaulu kuliko vyote ni kwamba walikuwa wamekwisha kufikiri kabla msiba haujafika. Watu husimulia usiku ule wa Barbara Smith kama muujiza wa hasira, na hasira ilikuwapo kweli. Lakini mtu hawezi kuandika hoja iliyokomaa kwa usiku mmoja asipokuwa amebishana nayo miaka mitano. Tamko la 1977, mikutano ya faragha ya siku kadhaa waliyokuwa wakifanya, kazi walizokwisha kuzifanya pamoja, vyote hivyo ndivyo vilivyoandika kijitabu. Vikundi vyetu vingi hujifunza sheria na hoja katikati ya msiba, simu zikiita na waandishi wa habari wakisubiri mlangoni. Jioni moja kwa mwezi ya kusoma na kubishana, wakati hakuna kilichotokea, ingebadilisha tunayoyasema siku kitakapotokea.

Jambo la pili lililofaulu ni jinsi hoja ilivyoamua kazi. Ukikubali kwamba tatizo ni wageni wabaguzi wanaoingia mtaani, utaunda sungusungu la wanaume na kuwaambia wanawake wafunge milango. Ukikubali kwamba tatizo ni ukatili dhidi ya wanawake weusi, unaoweza kutoka nje au ndani ya nyumba, utahitaji milango ya kukimbilia, mafunzo, lugha zaidi ya moja, na wanaume wanaoambiana ukweli. Mpango wa taa za kijani usingefikiriwa na mtu aliyedhani nyumba ya kila mwanamke tayari ni salama.

Sasa lililo gumu. Uwezekano kwamba muuaji ni mwanamume mweusi wa mtaa huohuo ulikuwa mbele ya kila mtu, na kuutamka katika mji ule kulikuwa hatari. Miaka mingi wanaume weusi wa Marekani walinyongwa na kufungwa kwa kusingiziwa ubakaji. Polisi walewale waliopuuza vifo vya wanawake hawakusita kuwapiga vijana. Kwa hiyo mwanamke mweusi aliyesema "wanaume wetu wanatuua" aliambiwa anawapa wabaguzi silaha, na asiyesema aliendelea kuzika. Kijitabu kilipita katikati kwa uangalifu: kilisema ukatili dhidi ya wanawake uko katika kila jamii na hufanywa na wanaume wa kila aina, kikawapa wanaume wa mtaa kazi badala ya laana, na hakikuifanya idadi ya polisi kuwa dai lake kuu. Naamini walifanya sawa. Wapo wanaoona kwamba kilipaswa kusema kwa ukali zaidi kuhusu wanaume wa nyumbani, na mabinti wa ukoo ambao umewahi kuzika binti aliyeuawa na mumewe, kisha wazee wakakaa kuzungumza ng'ombe, wana haki ya kuona hivyo.

Suala la heshima ya marehemu lilishughulikiwa nusu. Harakati ilikataa kuwagawa waliouawa kuwa mabinti wema na makahaba, na kwa mwaka 1979 hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini katika mtaa kwa jumla mgawanyo ule uliendelea. Familia zilitumia nguvu nyingi kuthibitisha kwamba binti yao alikuwa mwanafunzi mzuri, mcha Mungu, mfanyakazi. Ninaelewa kwa nini. Kila mama angefanya hivyo. Tatizo ni kwamba kila sifa inayotolewa kama utetezi inamwacha peke yake yule asiyekuwa nayo. Kikundi kinachoongea na waandishi wa habari kikae na familia mapema, kabla ya kamera, na kukubaliana kwamba maisha ya marehemu yatasimuliwa kwa sababu alipendwa, na kwamba swali la alikuwa akifanya nini usiku ule halitajibiwa na yeyote.

Uhusiano na wanawake weupe ulifanya kazi kuliko ilivyotarajiwa, na sababu yake ni ya kawaida kabisa: kazi ziligawanywa kabla ya hisia kujadiliwa. Msaidizi alijua analeta nini na anamletea nani. Sharti lilelile linafaa pale mashirika makubwa ya Nairobi au Dar es Salaam yanapoteremka kwenda mtaani baada ya mauaji, yakiwa na magari na fulana zilizochapishwa. Nani anazungumza na redio, nani anatia saini barua ya madai, nani anashika fedha: hayo yaamuliwe na wanawake wa mtaa kabla gari halijazimwa injini.

Kilichoshindikana ni uvumilivu wa muda mrefu, na sisemi hivi kuwalaumu. Walikuwa wachache, wengi wana ajira, hawalipwi, na waliwazika jirani zao huku wakipanga maandamano. Kesi za mauaji huchukua miaka. Maandamano humalizika jioni. Crisis walijaribu kuzifuatilia kesi, lakini kwa jumla nguvu ya Aprili na Agosti haikuwa na mahali pa kukaa ilipofika zamu ya mahakama, ambako mama wa marehemu hukaa kwenye benchi akisikia mwili wa mtoto wake ukielezwa na watu wasiomjua.

Kwa hiyo ninapokaa na kikundi kipya, swali la kwanza ninalouliza halihusu maandamano. Ninauliza nani atakwenda mahakamani pamoja na familia kesi ikitajwa kwa mara ya nne na kuahirishwa tena, nani atalipa nauli, na nani atapokea zamu yake akichoka. Majina matatu yakipatikana, yanaandikwa kwenye daftari na namba zao za simu, ndipo tunaanza kuzungumzia bango.